Mjane wa Mrina Asali

Rosine alisema Laurenti hulala na mguu mmoja nje ya blanketi, hata baridi ikiwa kali, na Goreth akaacha kuchambua tumbaku.

Rosine alilisema kawaida tu, kama mtu anayesema mvua itachelewa. Mikononi alikuwa na jani refu la rangi ya chungwa. Alilinyoosha juu ya goti, akaligeuza, akaliweka kwenye fungu lake. Wanawake wengine waliokaa bandani wakacheka. Pelagia, mkubwa wao kwa umri na kwa sauti, akamuuliza, "Umemwona lini amelala, wewe mtoto?"

"Nimejua tu, mama."

Goreth alishtuka, na alikuwa na sababu. Laurenti si mtu. Hakuzaliwa Katumba, wala Inyonga, wala popote penye mkunga. Ni mrina asali ambaye Goreth alimtunga kichwani akiwa kidato cha pili, kwenye bweni la shule moja ya Mpanda, usiku ambao wenzake walilala na yeye usingizi ukamkataa. Asubuhi hakumwacha. Aliacha shule akiwa naye, akaolewa na Dieudonne akiwa naye, akajifungua binti yake akiwa naye. Miaka kumi na mitatu. Alimpa kovu shingoni, akampa koti la kijani lenye mfuko uliochanika, akampa tabia ya kunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Msimu huu ndipo alipoanza kumtoa hadharani, kila siku kipande, ili wanawake wasisinzie juu ya majani. Lakini yapo mambo ambayo hakuyatoa. Hilo la mguu nje ya blanketi lilikuwa mojawapo. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote.

Na anayetaka kucheka kwamba mwanamke mzima, mke wa mtu, anampenda mtu wa kutunga, acheke, ila kwanza aeleze wale wanaume wanaozimia kwenye vibanda vya mpira kwa sababu kijana asiyewajua, aliye bara jingine, amekosa penati, wao wanampenda nani. Yule hakujui jina wala hatakujua, na unamlilia mbele za watu, na mkeo anaambiwa asikusemeshe jioni hiyo. Goreth hakumsumbua mtu. Alipika, alilima, alichuma, akazaa. Kichwani mwake palikuwa na chumba kimoja, na ufunguo ulikuwa wake.

"Nani kakwambia hilo la mguu?" akauliza.

"Hakuna, wifi."

"Basi usiongeze. Stori ni yangu."

"Yoo, mama Laurenti kakasirika," mmoja akadakia, wakacheka tena.

Mama. Kama vile alikuwa mwanawe. Goreth akainama juu ya majani, asionekane uso.

Kisa chenyewe kilianza wiki moja nyuma. Rosine alikuwa dada mdogo wa Dieudonne, ana miaka kumi na tisa, anaishi nao, na posa yake ilikuwa imeshapokelewa. Mchumba ni Elia, dereva wa bodaboda wa Kabungu, kijana wa kucheka sana. Siku moja, katikati ya kuchambua, Rosine akavuta pumzi akasema, "Elia angekuwa na utulivu kama wa Laurenti wangu, mbona ningeolewa hata kesho."

Laurenti wangu. Neno hilo lilimwingia Goreth kama kibanzi chini ya ukucha. Alilala nalo, akaamka nalo, na kesho yake, alipofika pale ambapo Laurenti anapanda mninga mrefu kwenda kwenye mzinga, akaikata kamba aliyopandia. Hakuwa amepanga. Aliikata tu, kwa mdomo, mbele ya watu, na mtu wake wa miaka kumi na mitatu akaanguka akafa, na nyuki wakamfunika uso.

Halafu Rosine akalia. Hakulia kama mtu anayeguswa na hadithi. Alilia mpaka kwikwi, kanga mdomoni, mabega yakipanda na kushuka. Goreth alimtazama kwa macho makavu, akawaza, huyu analia msiba wangu.

"Leo hatuchambui," Pelagia akasema, akisimama na kukung'uta sketi. "Mtu akifa kazi inalala."

Ilikuwa utani, na haikuwa utani. Pelagia akaagiza mtungi wa pombe ya ndizi na mirija. Wakakaa chini kuuzunguka kama wanavyofanya watu waliotoka makaburini, wakanywa kwa zamu, wakamsifu marehemu: alivyokuwa mpole, alivyogawa asali kwa wajane. Walicheka na kufuta machozi kwa mkono uleule.

"Mjane ni nani?" mmoja akauliza.

Wote wakamtazama Rosine, macho yamemvimba kama aliyeumwa na nyuki. Pelagia akachomoa kamba ya katani ya kufungia tumbaku, akamfunga kwenye mkono wa kushoto, akasema, "Pole, mwanangu. Mungu alimpenda zaidi." Hakuna aliyegeuka kumtazama Goreth.

Watu wa Katumba ambao wazee wao walitoka Burundi wanajua kwamba msiba una siku mbili. Kuna siku ya kwanza, ya kukaa pamoja na kunywa baada ya kuzika, jembe likiwa limelala. Na baadaye, wiki au miezi ikipita, kuna siku ya kuganduka: msiba unaondolewa, mjane anafunguliwa, marehemu anaambiwa njia yako ni ile. Asipoambiwa, hajui kama ameruhusiwa kwenda. Siku ya kwanza waliifanya. Ya pili hakuna aliyeikumbuka, maana nani anamgandukia mtu wa kwenye stori?

Baada ya lile neno la mguu, ilikuja harufu. Asali mbichi, nzito, yenye moshi ndani yake, ikikaa bandani juu ya harufu ya tumbaku. Pelagia alisema pengine nyuki wamehamia darini. Walitafuta, hawakuona hata mmoja. Halafu ukaja mvumo. Ulikuwa mdogo, kama simu inayotetemeka ndani ya gunia la mahindi, na ulikuwa daima upande aliokaa Rosine. Rosine mwenyewe hakuusikia, au aliusikia na hakuona ajabu. Fungu lake la majani lilikua haraka kuliko mafungu ya wanawake wawili, na mpangilio wake wa madaraja ya majani haukuwa na kosa hata moja. Na aliacha kula.

"Nimeshiba," alisema mezani, akisukuma sahani.

"Umeshiba nini?" Dieudonne akauliza. "Tangu juzi sijaona unatia kitu mdomoni, mdogo wangu."

"Nimeshiba tu, kaka."

Akajilamba mdomo. Goreth aliona midomo inang'aa.

Jumamosi Elia alikuja na pikipiki yake, kofia ngumu mkononi, mfuko wa mapera kwenye tanki. Rosine alikuwa amekaa uani, kamba bado iko mkononi. Goreth alikuwa jikoni, mlango wazi.

"Mambo vipi, mchumba. Umekonda, wanakunyima chakula?"

"Usiniguse, Elia."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nenda tu. Anakuja kula."

"Nani?" Elia akacheka, lakini kicheko hakikufika mwisho. "Rosine, acha masihara. Na hiyo kamba ya nini? Lete niifungue."

Akamshika mkono. Goreth aliona kwa macho yake mawili, mchana, jua kali: hapakuwa na mdudu hewani, hapakuwa na kitu, ila vidole vya Elia vilianza kuvimba kimoja baada ya kingine kama unga wa maandazi. Akaurudisha mkono kifuani, anautazama bila kuelewa. Kwenye kila kidole kulikuwa na mwiba mdogo mweusi uliosimama. Alirudi kinyumenyume mpaka kwenye pikipiki, akaondoka akiendesha kwa mkono mmoja, mapera yanadondoka njiani.

Na Goreth, pale mlangoni, alihisi nini? Huruma ilikuwepo, na hofu ilikuwepo. Lakini chini yake kabisa kulikuwa na kitu kingine chenye meno, kilichosema: kwa ajili yake anafanya hivi. Kwa ajili yako hajawahi kumfukuza hata kuku.

Majini ya hadithi nyingi husubiri giza. Huyu alipenda saa sita mchana, watu wakiwa kivulini wanakula. Jumatatu Goreth alimwona Rosine akibeba sahani iliyofunikwa kuelekea kwenye bani, ile nyumba ndefu ya matofali isiyo na dirisha ambamo tumbaku hukaushwa kwa moto. Moto ulikuwa umezimwa siku nyingi na majani yameshatolewa. Akamfuata. Kupitia mlango uliokuwa wazi kidogo alimwona amekaa sakafuni, sahani mbele yake, anaongea kwa sauti ya chini. Anaongea, ananyamaza, anaongea. Goreth aliijua namna ile ya kunyamaza. Aliitunga mwenyewe.

Akasukuma mlango. "Toka nje."

"Wifi, tunaongea."

"Unaongea na nani?"

Rosine akatabasamu kwa aibu, kama mwenye nyumba anayemwombea radhi mgeni. Akainuka, akapita. Kwenye sahani ugali ulikuwa haujaguswa, umeloa asali mpaka ukingoni.

Goreth akabaki peke yake, akasimama katikati ya sakafu yenye joto lisilo na moto, akainua uso kuelekea juu ambako fito tupu zilipita kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, tabaka juu ya tabaka mpaka kwenye weusi, na kadiri alivyotazama ndivyo mvumo ulivyozidi kushuka kutoka fito moja hadi nyingine, taratibu, kama mtu mzito anayeteremka mti kwa uangalifu akitafuta pa kukanyaga, na harufu ikaja ya koti lililolowa na kukaukia mwilini, koti ambalo yeye alilikata na kulishona kichwani mwake akiwa na miaka kumi na sita, na akajua kwamba akinyoosha mkono atalishika, na akajua kwamba kinachomzuia kukimbia si hofu peke yake.

"Mimi ndiye niliyekutunga," akasema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Mimi. Yeye amekujua mwezi huu."

Kimya. Kimya kile kile.

"Wewe uliniua," sauti ya kiume ikasema, karibu sana na sikio lake. "Yeye alinililia."

"Ningelia na mimi."

"Hukulia."

Ilikuwa kweli. Alitoka mle ndani akiwa amelowa jasho. Ukosi wa blauzi ulinata shingoni, na alipougusa na kuonja kidole, ulikuwa mtamu.

Siku ya nne tangu hapo Rosine hakuweza kusimama. Zahanati walimpima, hawakuona ugonjwa. Alikuwa mwepesi kama fito, ngozi ya manjano, na ukimsogelea kifuani ulisikia mvumo ukitoka ndani ya mbavu. Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu. Dieudonne, mzee wa kanisa, mtu asiyependa hata kutaja waganga, alikaa kitandani kwa dada yake akalia bila kujificha, kisha akawasha pikipiki ya jirani akaenda Ilembo.

Alirudi na Minza. Ni mama wa Kisukuma, mnene, mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa uzi. Siku za soko huuza mitumba, siku nyingine huitwa kwa mambo kama haya. Alikaa kwa mgonjwa muda mrefu, akamnusa mikono, akaitazama kamba. Kisha akawaita wanawake wa bandani.

"Huyu marehemu alikuwa ndugu wa nani?"

Wakatazamana.

"Kaburi lake liko wapi?"

Pelagia akakohoa. "Mama, hakuwa mtu. Ni wa stori. Tulikuwa tunacheza."

Minza akavua miwani. "Mlicheza msiba?"

"Kidogo tu."

"Mkanywa. Mkamsifu. Mkamtafutia na mjane, mkamfunga kamba." Alihesabu kwa vidole. "Nyie akina mama. Kuna vitu vinazurura huko porini Ugalla havina jina, havina ukoo, havina anayevililia. Nyie mkatengeneza nafasi ya mtu, mkaipamba, mkaiacha wazi. Mlidhani itakaa tupu mpaka lini?"

Mmoja alianza kulia taratibu.

"Aliyemtunga ni nani?"

"Mimi," Goreth akasema, na hata katika hali ile alisikia fahari kidogo katika sauti yake. Minza aliisikia pia.

Akamchukua kando, nyuma ya jiko. "Kesho alasiri mtaganduka. Pelagia atafungua kamba. Lakini hiyo haitoshi, kwa sababu huyu jini amevaa mtu wako. Utasema mara tatu, mbele yake: Laurenti hakuwepo, hayupo, nilimtunga mimi. Useme ukimaanisha. Ukishamfuta yule mtu, jini hana cha kuvaa, ataona haya, ataondoka."

"Na nikisema, mimi nitabaki na nini?"

"Una mume. Una mtoto."

"Hilo najua. Nimeuliza nitabaki na nini."

Minza akavaa miwani yake tena. "Wifi yako atabaki na uhai," akasema. "Hafiki Jumapili, mwanangu, nakuambia ukweli."

Kesho yake alasiri walimbeba Rosine mpaka bandani wakamlaza juu ya magunia. Mtungi ukawekwa katikati. Safari hii hakuna aliyecheka. Wakanywa kwa zamu, Pelagia akasema kwa Kirundi maneno ya kuondoa msiba, sauti yake kubwa ikiwa imekuwa ndogo, akamwambia marehemu kwamba njia yake ni ile, asigeuke. Mvumo ukapanda. Mirija ikaanza kutikisika yenyewe ndani ya mtungi.

"Sema," Minza akanong'ona.

"Laurenti hakuwepo," Goreth akasema. "Hayupo. Nilimtunga mimi." Ilikuwa kama kung'oa kitu chenye mizizi. Mvumo ukapungua nusu.

"Tena."

"Laurenti hakuwepo. Hayupo. Nilimtunga mimi."

Rosine akafumbua macho. Machozi yakaanza kumtiririka mpaka masikioni, na kwa sauti ya mtu anayetoka mbali akasema, "Usimseme hivyo mume wangu, wifi. Nakuomba."

Mume wangu. Goreth alimtazama binti huyu wa miaka kumi na tisa, anayekufa, anayelia tena, kwa haki ya mjane, juu ya magunia ya tumbaku, kwa ajili ya mtu ambaye hakumjua hata mwezi mzima. Na miaka kumi na mitatu ikamjia kwa mara moja, bweni, ndoa, uchungu wa kuzaa, asubuhi zote za moshi na majani alizovuka kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja wa kumrudia mahali pasipo na macho ya mtu. Akainama mpaka uso wake ukakaribia wa Rosine, na mara ya tatu hakusema alichoambiwa.

"Laurenti si wako," akasema. "Hajawahi kuwa wako. Ni wangu."

Mvumo ukakatika. Kamba iliyokuwa bado imefungwa mkononi mwa Rosine, kabla Pelagia hajaigusa, ikadondoka. Rosine akapumua kama mtu aliyetolewa ndani ya maji, akatazama huku na huku, akasema ana njaa, kuna ugali? Wanawake wakapiga vigelegele mpaka watoto wakaja kuchungulia. Dieudonne akapiga magoti pale pale kwenye vumbi la tumbaku.

Minza hakupiga kigelegele. Alikunja kanga yake, akamsubiri Goreth njiani.

"Sicho nilichokwambia useme."

"Amepona, hajapona?"

"Amepona."

"Basi."

"Nimetoa majini kwa watu wanaolia watolewe," Minza akasema polepole. "Kwa aliyemkaribisha mwenyewe sijui dawa. Siku utakapomchoka, maneno ni yale yale, na mdomo ni wako. Ila usichelewe. Ana wivu kukuzidi wewe, na wewe nimekuona."

Harusi ilifanyika. Elia alivaa glovu nyeupe, akacheza, akacheka mpaka mwisho. Rosine alinenepa huko Kabungu, na alipoulizwa kuhusu Laurenti alikunja uso kama anayetafuta jina la mwalimu wa zamani. Bandani wanawake walimwomba Goreth stori nyingine. Akawapa moja ya sungura, fupi, ya watoto. Walilalamika. Hakujali. Alikuwa na rangi nzuri siku hizo, Pelagia alisema, kama mwanamke mwenye mimba.

Mwisho wa msimu Dieudonne alisindikiza marobota ya tumbaku kwenda sokoni, akakaa siku tatu. Alirudi alasiri, amechoka, ana mkate kwapani. Goreth alikuwa jikoni, akamsikia akifungua geti, akamsikia binti yao wa miaka minne akikimbia kufungua mlango wa nyumba kubwa.

"Shikamoo," mtoto akasema.

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu mgeni. Ngoja kwanza, baba anakula."

Kisha Dieudonne, taratibu, kama mtu anayegusa maji kujua kama ni ya moto: "Baba gani?"

Kutoka sebuleni Goreth alisikia kijiko kikiwekwa juu ya sahani, na kiti kikisogezwa nyuma. Maneno ya kumfukuza alikuwa nayo. Yalikuwa machache, alikuwa ameyasema mara mbili tayari mbele za watu, na jiko halikuwa mbali na mlango. Angeyasema hata bila kusimama.

Akachukua kitunguu, akaanza kumenya, akasubiri asikie ni yupi kati yao atakayemwita kwanza.